Dereva wa barabara ndogo aliyeruka kituo kwa ajili ya kamba

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, mji wa Lincoln, Nebraska, umeshabaki nyuma, na basi jeupe la viti ishirini na mbili linakimbia kusini katikati ya mashamba. Verlene Kratochvil, miaka 58, ameshika usukani kwa mkono mmoja. Mkono wa pili una kolachi, andazi la Kicheki lenye plamu, lililoumwa nusu.

"Haya jamani, kushoto kwenu mahindi," anatangaza kwenye kipaza sauti. "Na kulia kwenu, nisije nikasahau, mahindi."

Abiria kumi na tisa wanaangua kicheko. Karibu wote wamezaliwa na kuzeekea kwenye mahindi hayohayo, lakini leo wanayatazama madirishani kama wageni.

Kazi ya Verlene ni kuwapeleka watu kwenye vitu ambavyo wengine huvipita kwa mwendo wa maili themanini kwa saa. Ni vituo vya kale vya posta ya farasi, na barabara ambako magurudumu ya mikokoteni ya wahamiaji yaliacha makovu kwenye mwamba. Humo humo zimo ajabu za kando ya barabara: kuku wa saruji mrefu kuliko nyumba, kiti ambacho ukitaka kukikalia lazima upande ngazi, duka la vyuma lenye dinosaria wa mabomba.

Ana daftari lenye ajabu 212, zote ameziona kwa macho yake. Amezipa alama. Alama ya juu kabisa ni "ningerudi hata kwa mvua".

"Barabara kuu ni ya watu wenye haraka," anasema. "Ukipita huko umefika, sawa, lakini hujaenda popote."

Alianza kuendesha lori la nafaka la baba yake akiwa na miaka kumi na minne, karibu na mji wa Crete, huku amekalia mto ili aone mbele. Baadaye akaendesha basi la shule kwa miaka ishirini na miwili. Alipochoshwa na kelele za watoto akaajiriwa na kampuni ya utalii, akaambiwa awapeleke wastaafu kwenye kumbi za kamari.

Akawapeleka mwaka mmoja. "Walikuwa wanalala wakienda, wanalala wakirudi. Nikamwambia bosi, nipe wikiendi moja tu. Nitawaamsha."

Hiyo ilikuwa miaka tisa iliyopita. Hulipwa dola 21 kwa saa, kuanzia Mei hadi Oktoba. Majira ya baridi hukaa nyumbani na ramani.

Leo, hata hivyo, kiti cha nyuma ya dereva kimekaliwa na Trent Bascom, kijana wa miaka 31, mwenye viatu vyeupe na kishikwambi magotini. Ametumwa na ofisi. Safari za barabara ndogo zinachelewa mno, ofisi inasema, na masharti aliyokuja nayo hayana mjadala: kituo kimoja kikirukwa katika safari hii ya siku tatu, njia ya Verlene inafutwa, naye anahamishiwa basi la uwanja wa ndege.

Verlene aliwaambia abiria wote jambo hilo kabla hata ya kuwasha injini. "Kwa hiyo mtu akitaka choo, aende mbio," aliwaambia.

Kituo cha kwanza ni sanamu ya kuku wa nyikani ya futi kumi na sita, na kinakwenda vizuri. Watu wanapiga picha chini ya mkia. Mwalimu mstaafu wa historia, Delmar Osterhout, miaka 74, anakataa kupigwa picha.

"Kuku hana historia," anasema.

"Ana mayai, Mwalimu," Verlene anamjibu. "Panda, dakika zimekwisha."

Mwalimu Osterhout amelipia safari kwa ajili ya kitu kimoja: kituo cha posta ya farasi, jengo la mbao ambalo wapanda farasi waliobeba barua walibadilishia wanyama wao mwaka 1860. Kimepangwa saa tisa na nusu alasiri na hufungwa saa kumi na moja. Amewafundisha watoto habari zake kwa miaka thelathini na nne bila kukanyaga hapo.

Kwenye kiti cha mbele yake yupo Bibi Ardis Thiessen, miaka 79, mjane wa mkulima. Amepakata kopo la kahawa lenye mfuniko, na kila basi likiruka shimo hulikumbatia.

Bibi Thiessen anakwenda kwenye donge la kamba la Dresbach, Kansas. Donge hilo linakaa chini ya paa lisilo na kuta, katikati ya mji wa watu mia tatu. Ni refu kuliko mtu aliyempanda mtu mabegani. Kila anayekuja na kamba yake ya kufungia marobota ya majani makavu ya mifugo huiunga hapo, hulizunguka donge akiivuta, na urefu wake huandikwa daftarini pamoja na jina la shamba.

"Kila Julai Alvin alisema twende," Bibi Thiessen anasimulia. "Na kila Julai kulikuwa na majani ya kukata. Miaka hamsini na moja. Majani yalikuwa hayatupi nafasi ya kwenda kuona kamba ya majani."

Alvin alifariki majira ya kuchipua. Shamba limeuzwa. Baada ya wiki mbili mjane huyu anahamia Arizona kwa binti yake, na amesema waziwazi kwamba hatarudi.

"Nataka shamba letu liwe limeandikwa mahali," anasema.

Saa saba kasoro dakika tano, basi linaingia Dresbach. Wamewahi. Trent anatabasamu kwa mara ya kwanza.

Mtunza donge, mzee Lowell Pfannenstiel, miaka 83, anawapokea akiwa na kofia mkononi. Bibi Thiessen anafungua kopo lake na kutoa kamba aliyoikata mwenyewe bandani, karibu na trekta. Inang'aa rangi ya machungwa.

Mzee Lowell anaitazama bila kuigusa.

"Mama, hiyo ni plastiki."

"Ni kamba ya robota."

"Ni kamba ya robota ya plastiki. Hapa ni katani tu. Jua likiipiga plastiki miaka mitatu inakuwa unga, na kila kilichofungwa juu yake kinaanguka. Samahani sana."

Hakuna anayemcheka, maana nusu yao wangefanya kosa hilohilo. Wakulima wa huku waliiacha katani zamani, wakahamia plastiki, na jina halikubadilika hata siku moja. Kamba ni kamba.

Mzee Lowell anayo katani ya bure kwa wageni, bunda zima. Anamkatia futi ishirini.

"Hii ni ya nani?" Bibi Thiessen anauliza.

"Ya duka."

"Basi waandike duka." Anairudisha, anafunga kopo lake, anaanza kurudi kwenye basi.

Verlene anasimama mlangoni, hampishi.

"Bibi Ardis, ile mashine yenu ya kwanza ya kufungia robota, ya enzi za katani, mliipeleka wapi?"

"Tulimuuzia Galen Stucky. Jirani yetu. Alihamia huku Kansas, karibu na mpaka. Kwa nini?"

"Mlipoiuza, mlitoa kamba ndani ya boksi lake?"

Bibi Thiessen anaangalia kopo lake. Kisha anashika mdomo. "Nani hutoa kamba?" anasema.

Nyuma yake abiria wanaanza kunong'ona, halafu kunong'ona kunageuka kelele. Ni kweli, nani hutoa? Mashine huuzwa na kamba yake boksini, imeshapitishwa kwenye sindano, tayari kwa kazi. Hakuna mkulima anayeikumbuka.

Simu inapigwa hapohapo, sauti imefunguliwa watu wote wasikie.

"Galen, ni Ardis. Ile mashine ya Alvin bado unayo?"

"Ipo kule kwenye miti. Sijaigusa tangu tisini na nne. Kwani unataka kuirudisha?"

"Nataka kilichomo kwenye boksi."

"Kwenye boksi mna panya, dada."

"Chini ya panya, Galen!"

Basi zima linapiga kelele kama uwanja wa mpira. Kutoka Dresbach hadi kwa Galen ni maili arobaini na nne, nyingi zake za changarawe. Kwenda, kutafuta, kurudi: saa kumi na moja itawakuta njiani. Kituo cha posta ya farasi hakiwezekani tena leo, na kesho safari inageukia magharibi.

Wote wakiwa wamepanda, Verlene anawasha kipaza sauti. Hapambi maneno. "Tukienda, tunaruka kituo cha Mwalimu. Tukiruka kituo, hii ndiyo safari yangu ya mwisho ya barabara ndogo. Mmelipa nyinyi, amueni nyinyi. Mwalimu, anza."

Mwalimu Osterhout anasimama. "Nakataa. Lazima mtu aseme. Kituo kile nimekingoja tangu nistaafu."

"Kimesimama zaidi ya miaka mia na sitini, Mwalimu. Kitasimama na mwakani," Verlene anamjibu.

"Kitasimama, ndiyo. Wasiwasi wangu ni mimi, dada."

Wanacheka, na yeye mwenyewe anacheka kidogo, lakini kura ya mikono ikipigwa, wake unabaki chini. Kura ni kumi na nne kwa tano.

Trent anainama sikioni mwa dereva. "Verlene, unaelewa maana yake?"

"Naelewa, mwanangu. Kaa chini, funga mkanda."

Nyuma ya basi vumbi la changarawe linasimama kama ukuta. Verlene anaendesha akiwa amekaa wima, mikono yote miwili usukanini, anaimba nusu wimbo na kuacha. Abiria wanabishana: kamba itakuwa imeoza, haijaoza, katani ya zamani ilitiwa mafuta, panya hawaipendi, panya wanapenda kila kitu. Mtu ameweka dau la pai.

Galen anawangoja kwenye mstari wa miti akiwa na nyundo. Mashine imemezwa na majani marefu, nyekundu kwa kutu. Mfuniko wa boksi umegoma. Wanaupiga nyundo, unafunguka upana wa kiganja kimoja tu.

Galen anajaribu kuingiza mkono, hauingii. Verlene, hauingii. Mikono yote pale ni ya watu waliobeba ndoo maisha yao yote.

Macho yanamgeukia Trent.

"Hapana," anasema Trent. "Mna nyoka mle."

"Nyoka anakula panya," Galen anamtuliza. "Ukimkuta nyoka, ujue panya hakuna."

Trent anavua saa. Anaingiza mkono mwembamba hadi begani, shavu limebanwa kwenye kutu. Anatoa kwanza kiota cha panya, halafu vipande vilivyotafunwa, halafu vumbi. Bibi Thiessen amefumba macho.

"Kuna kitu kigumu chini," anasema Trent. "Cha duara. Ngoja... Ninayo! Ninayo, jamani, inakuja!"

Kamba inatoka ikijinyoosha, ya rangi ya kahawia, inanuka mafuta ya zamani. Ni katani, ileile ambayo msomaji wa Tanga angeitambua akiwa amefungwa macho. Bibi Thiessen anaipokea kwa mikono miwili, anavuta, na abiria wanahesabu futi kwa sauti, kila mmoja kwa hesabu yake. Inakatika baada ya sitini na moja.

Saa kumi na moja na robo wanarudi Dresbach. Mzee Lowell kwa kawaida hufunga daftari saa kumi. Amekaa kwenye kiti, daftari liko gotini. Anaichukua kamba, anaikunja kwenye ukucha, anainusa.

"Hii ndiyo," anasema.

Anaifunga fundo mwenyewe. Bibi Thiessen anaanza kulizunguka donge, na abiria wote wanamfuata wakishikilia kamba isiguse chini, Trent akiwa na shati lililojaa kutu upande mmoja. Mwalimu Osterhout yumo, wa mwisho kwenye mstari, ananung'unika kwamba wanakwenda haraka mno.

Mzee Lowell anauliza jina la shamba.

"Alvin na Ardis Thiessen," anajibu mama yule. Kisha anamwongezea tarehe ya kununua shamba, na idadi ya ng'ombe, na jina la mbwa. Mzee anaandika yote.

"Nimeendesha miaka mingi," Verlene anasema akiwa ameegemea basi, uso umejaa vumbi. "Kwa kawaida watu huenda kuona kitu. Leo walikwenda kukifanya."

Hayo yalikuwa Julai iliyopita.

Trent aliandika ripoti yake kwa uaminifu: kituo kimoja kilirukwa. Njia ya barabara ndogo ilifutwa tarehe 30 Septemba. Yeye mwenyewe aliacha kazi Oktoba na sasa anauza mitambo ya umeme wa jua huko Colorado.

Bibi Thiessen anaishi Arizona. Analalamikia joto na amejiunga na kwaya.

Galen Stucky aliuza mashine kwa bei ya chuma chakavu. Mzee Lowell alipasuliwa nyonga wakati wa baridi; daftari linaandikwa na binti yake.

Mwalimu Osterhout aliendesha gari lake hadi kituo cha posta ya farasi Agosti, peke yake, akakaa humo saa tatu. Aliporudi alimpigia simu Verlene kumweleza, wakazungumza mpaka chakula cha Verlene jikoni kikaungua.

Verlene anapeleka abiria uwanja wa ndege, Jumatatu hadi Ijumaa. Wakati wa baridi alinunua basi la shule lililostaafishwa na wilaya, akalipaka rangi ya bluu, akapata leseni yake ya biashara mwezi Machi. Mwalimu ndiye mtunza saa.

Safari yake ya kwanza ya barabara ndogo ni Jumamosi, tarehe 9 Mei. Bado viti viwili.