Farasi Si Ng'ombe

Asubuhi hiyo farasi wangu hakugusa nyasi zake, nami nikajua siku imeharibika. Ni jike mpole, hubeba watoto mgongoni ufukweni hapa Kisumu. Sasa alikuwa akigeuza shingo kutazama ubavu wake, akikwaruza ardhi kwa kwato, akitaka kulala abingirike. Niliogopa.

Mama yangu akatoka jikoni. Amekulia Nyakach katikati ya ng'ombe, na ng'ombe waliovimba tumbo wakapona mikononi mwake ni wengi.

"Hii ni gesi tu, Baba," akasema. Huniita hivyo kwa sababu nilipewa jina la babake. "Leta mafuta ya kupika na chupa tupu ya soda."

Nilipaswa kumpigia daktari wa mifugo kwanza. Sikumpigia. Mfa maji haachi kutapatapa. Nikakiinua kichwa cha farasi, mama akamimina. Ng'ombe wake humeza. Huyu wangu alikohoa, na mafuta yakamtoka puani.

Hapo ndipo nilipopiga simu. Daktari alikuwa mbali, huko Katito.

"Tembeza yeye polepole, asibingirike," alisema. "Na usipatie yeye kitu kwa mdomo. Farasi si ng'ombe, hawezi kucheua, hawezi kutapika. Kitu ikiingia kwa mapafu, umemaliza yeye."

Nikasema, "Sawa, daktari," nikakata simu. Sikumwambia kuhusu mafuta. Niliona aibu, na hofu ilikuwa kubwa kuliko aibu.

Tulizunguka ua, mimi na kamba mbele, mama nyuma. Jua lilipokuwa kali farasi akaangusha kinyesi, mama akapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nasikiliza kikohozi tu.

Daktari alifika, akasikiliza tumbo, akatabasamu. "Tumbo imefunguka. Hamkumpatia kitu?"

Nilitazama chini.

"Ni mimi," mama akasema. "Nilimwaga mafuta."

"Na mimi nilishika kichwa," nikasema, nimechelewa.

Daktari akahamishia kifaa chake kifuani. Alisikiliza kwa muda mrefu, na tabasamu likaisha. Ilibidi farasi adungwe sindano za mapafu kila siku, nasi tuhesabu pumzi zake asubuhi na jioni. Mama hakukubali nihesabu peke yangu.

Farasi alipona. Lakini mpaka leo akikohoa, hata kwa vumbi la pumba, mama huacha chakula motoni na kutoka nje kabla yangu.