Blogu Iliyomwamsha Yaya Yangu

Kabla hujaniambia kwamba niliota, sikiliza: ilikuwa saa nane mchana, mvua inanyesha Makindye hapa Kampala, nami nimekaa kwenye kibanda changu cha kutengeneza vyerehani nikiwa na bisibisi mkononi. Sikuwa nimelala. Sikuwa na homa. Pombe sinywi. Anayetaka kucheka acheke sasa, amalize, maana jambo hili bado linanichemsha damu na sina subira ya kulisimulia mara mbili.

Mimi ni mtu wa Uvira, Kongo. Kampala nilifika mtoto, nikakulia hapa, nikaoa hapa. Kazi yangu ni fundi cherehani, na simaanishi kushona nguo. Natengeneza mashine zenyewe zikikataa kushona. Ni kazi ya kungoja. Unakaa kutwa nzima hadi mtu aje amebeba mashine kichwani. Na mimi nikikaa nawaza, nikiwaza nakasirika. Nilimkasirikia mwenye nyumba aliyepaka rangi ukuta wa mbele tu ili wapangaji wapya wasione nyufa za nyuma. Niliukasirikia umeme unaokatika nikiwa nimefungua mota ya mtu vipande vipande. Niliwakasirikia makarani ambao kila mwaka wanakosea jina langu kwenye karatasi, kisha wananiuliza mimi kwa nini jina limekosewa.

Nikaanza kuyaandika hayo kwenye blogu, kwa Kiswahili. Wateja walinicheka. Hapa Kampala wengi bado wanaona Kiswahili ni lugha ya askari. "Nani atakusoma?" waliniuliza. Na kweli, nani? Chini ya ukurasa palikuwa na namba inayohesabu wageni. Juma zima niliona wageni watatu, na wawili kati yao nilikuwa mimi mwenyewe, mara moja kwa simu na mara moja kwa kompyuta ya kafe.

Unajua inavyouma kukasirika peke yako? Uandike usiku na mchana, useme ukweli mtupu, halafu pawe kimya?

Ndipo nikajiunga na darasa la kutangaza tovuti. Lilikuwa kwenye chumba cha juu, si mbali na kwangu, na mwalimu alikuwa kijana wa Kiganda mwenye shati safi, anayechanganya r na l bila haya. Sitaki kusema hakujua kazi. Alijua. Alinifundisha maneno ambayo watu huyaandika wanapotafuta kitu mtandaoni, na jinsi ya kuyapanga kwenye kichwa cha habari. Alinifundisha kubadilishana viungo na tovuti nyingine, wao wakutaje nawe uwataje. Nilifanya yote kwa mwezi mzima. Wageni wakafika kumi na moja.

Siku hiyo nilimwendea nikiwa nimevimba. Aliisoma blogu yangu huku anakuna kidevu.

"Ssebo, tatizo ni hasila," akasema, ssebo kwao ni bwana. "Watu hawatafuti hasila ya mtu mwingine, wana yao. Wanatafuta machozi. Huko kwenu Kongo huna mtu aliyepotea?"

"Aliyekufa ninaye. Yaya yangu."

Yaya kwetu ni ndugu aliyekutangulia kuzaliwa. Huyu alikuwa dada yangu, na jina lake silitaji hapa.

"Aliyekufa amekwisha," mwalimu akasema. "Mtu anasoma, anasikitika, anaondoka. Rakini aliyepotea! Kesho mtu analudi kuona kama amepatikana."

Niliondoka nikiwa nimeudhika. Niamini, niliudhika kweli. Lakini jioni ile ile nilikaa nikaandika.

Lazima nikueleze yaya alikuwa nani kwangu. Vita ilipoingia Uvira, mama alikuwa sokoni na sisi tupo nyumbani, basi tukakimbia bila yeye. Mimi nilikuwa na miaka kumi, yaya kumi na saba. Alinishika mkono njia nzima. Siku ya tatu ya kutembea tumbo likamkamata, na kabla ya jua kuzama alikuwa amekufa kando ya barabara. Wanaume wawili nisiowajua walinisaidia kuchimba. Nilimfunga kwa kitenge chake mwenyewe, cha kijani chenye samaki wa njano. Katika ukoo wetu wote, mtu pekee aliyeliona kaburi lile ni mimi. Mama nilimpata miaka mingi baadaye, kwa simu, naye akaupokea msiba kutoka kinywani mwangu. Hakuwa na ushahidi mwingine.

Sasa mimi huyo huyo nikaandika kwamba yaya alipotea njiani, kwamba kuna watu walimwona Kampala, kwamba namtafuta. Nikaandika jina lake lote. Picha yake sina, basi mwalimu akanitafutia picha ya msichana fulani mwenye macho ya huzuni, tukaibandika.

Wageni walikuja! Mia, kisha mia nyingi, kisha nikaacha kuhesabu. Waliandika kutoka Nairobi, Goma, Mwanza, hata Ulaya. Kila mmoja analitaja jina lake: tunakuombea fulani, rudi nyumbani fulani. Wengine wakajifanya ndio yeye. Na walipomaliza kumlilia yaya, baadhi yao walishuka chini wakasoma na habari za mwenye nyumba na rangi yake, wakanisifu. Nilifurahi. Sitakuficha. Nilikuwa nafungua simu kila baada ya kukaza skrubu moja.

Basi ile siku ya mvua. Nimeinama juu ya cherehani ya shule moja, nikasikia mtu amesimama mlangoni. Nikainua kichwa. Msichana. Miguu mitupu, kitenge cha kijani chenye samaki wa njano.

Unadhani niliogopa? Nilikasirika! Nilijua tu ni mmoja wa wale wajanja wa mtandaoni, amesoma blogu, amenunua kitenge kinachofanana, amekuja kunichezea. Ingawa, nikifikiri leo, habari za kitenge sikuwa nimeziandika popote.

"Toka," nikamwambia. "Wenzako wameshajaribu. Yaya yangu angekuwa mtu mzima sasa, wewe ni mtoto. Toka kabla sijakutoa."

Hakutoka. Aliingia, akasimama upande wa pili wa meza. Mvua ilikuwa inapiga bati hadi nilikuwa napiga kelele ili nijisikie, lakini yeye alikuwa mkavu, nywele kavu, kitenge kikavu. Nyayo zake tu ndizo zilizokuwa na udongo, na ulikuwa udongo mweusi. Makindye udongo ni mwekundu.

"Kandambili zangu zilikufikisha?" akaniuliza.

Bisibisi ilianguka.

Ngoja nikuambie jambo ambalo hata mke wangu hakulijua. Siku ile ya kuzika, mimi sikuwa na viatu. Nilikuwa nimetembea siku tatu bila viatu. Wale wanaume walipogeuka kutafuta mawe, nilizivua kandambili miguuni mwa yaya, nikazivaa, zikinipwaya, nikaenda nazo. Niliona aibu ya kumwibia maiti, basi sikumwambia mtu yeyote. Sikumwambia mama, sikumwambia padri, na kwenye blogu sikuthubutu.

"Zilinifikisha, yaya," nikasema. Sauti yangu ilitoka kama ya mtoto.

"Vizuri. Nilikuachia kwa moyo mmoja." Halafu uso wake ukabadilika, na niliujua uso ule. Ndio alionitazama nao nilipokuwa mdogo nikivunja chungu cha mama. "Sasa niambie. Ulinilaza wewe mwenyewe kwa mikono yako. Kwa nini unaniamsha?"

Niliinama kuiokota bisibisi.

"Wananiita," akasema. "Watu nisiowajua. Kila anayesoma jina langu ananiita. Nikigeukia huku, naitwa kule. Nikienda kule, naona si mimi wanayemtaka, wanamtaka yule mliyemvalisha jina langu. Mmeniwekea uso wa mtu mwingine! Nimechoka, mdogo wangu. Waambie wanyamaze."

"Nitafuta. Leo hii nitafuta."

"Na mama usimwache aniite," akasema. "Wengine wote naweza kuwapita. Mama siwezi."

Akageuka, akatoka nje kwenye mvua. Niliruka juu ya meza, nikafika mlangoni, sikumwona. Jirani yangu Nalongo, mama wa mapacha anayeuza mkaa, alikuwa amejikunyata chini ya mwavuli wake.

"Binti yako amepita hapa, halowi," akaniambia, ananikodolea macho. "Mnafanana kama nini. Mbona hukuwahi kumleta?"

Kwa hiyo usiniambie niliota. Mwulize Nalongo.

Nilikimbia hadi kafe nikiwa nimelowa chapachapa, nikaufuta ukurasa. Kisha nikaandika jina la yaya mahali pa kutafutia, kuhakikisha tu.

Lilikuwa kila mahali. Tovuti za maombi, tovuti za udaku, tovuti za watu wanaouza dawa za nguvu za kiume, zote zimeubeba ukurasa wangu neno kwa neno, pamoja na uso ule wa msichana wa watu. Nilipanda ngazi za darasa mbili mbili. Mwalimu alikuwa anafundisha. Nilimkamata shati mbele ya wanafunzi wake.

"Umeupeleka wapi ukurasa wangu?"

"Ssebo, tulia! Ni viungo. Si nilikufundisha viungo? Umefanikiwa, na bado unakasilika?"

"Uondoe!"

"Siwezi. Hakuna anayeweza." Na hapo akacheka, si kwa ubaya, alicheka kama mtu anayemweleza mtoto. "Uliomba watu, ssebo. Nimekupa watu."

Nilimsukuma akagonga ubao. Sijivunii. Lakini hata leo nikimwona barabarani mkono unaniwasha, halafu nakumbuka kwamba yeye hakumzika yaya yangu, mimi ndiye niliyemzika. Yeye hakujua kitu. Mimi nilijua, nikaandika.

Simu ililia nikiwa bado kwenye ngazi. Mama.

"Mutoto wangu," akasema, na alikuwa analia na kucheka pamoja. "Kijana wa kanisani amenisomea katika simu. Yaya yako iko muzima! Kwa nini hukuniambia? Mimi niko njiani. Kesho nafika."

Nikamwambia, mama, rudi. Nikamwambia ni uongo, nimeandika mimi. Mtandao ukakata. Nilipiga mpaka usiku, haikuita.

Nilimpokea kesho yake kwenye kituo cha mabasi. Mwanamke mzee, miguu imevimba kwa safari, amekumbatia kifurushi kifuani. Ndani kulikuwa na gauni jipya la msichana wa miaka kumi na saba. Kwake yeye yaya hakuwa ameongezeka hata siku moja. Nilipiga magoti pale pale kwenye tope, watu wanapita na mizigo yao, nikamwambia kila kitu: mwalimu, uongo, kandambili, aliyekuja mchana wa mvua.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akanipiga kofi. Mama yangu hakuwahi kunipiga, hata utotoni.

"Ulisema amekufa, nikalia miaka," akasema. "Ukasema iko muzima, nikaacha nyumba yangu. Leo unasema amekufa lakini umemuona. Niamini mutoto gani?" Akanyanyuka na kifurushi chake. "Umemuona. Basi. Nitamungoja."

Hajarudi Uvira tangu hapo. Anaishi nasi. Kila mchana anakuja kukaa nje ya kibanda changu kwenye kiti cha plastiki, akitazama njia. Ule ukurasa aliomba mtu wa kafe amtolee kwenye karatasi, na kwa kuwa yeye hajui kusoma, anamwomba kila mteja anayejua amsomee. Watu ni wema. Wanasoma kwa sauti, taratibu, wanalitamka jina lote kama nilivyoliandika. Na mama anaitikia. Anamwita. Mara kumi, mara kumi na tano kwa siku.

Karatasi ile niliwahi kuichana. Akaenda kafe wakamtolea nyingine.

Yaya hajaja tena mbele yangu, au labda anakuja na hataki kuniona. Lakini Nalongo ananiambia kuna siku, mvua ikinyesha, mama anasogeza kiti chake pembeni kidogo, kama anayempisha mtu akae. Nami siinui kichwa. Nakanyaga pedali ya cherehani yoyote iliyo mbele yangu, tupu, bila uzi, ipige kelele. Blogu niliifunga. Hasira zote zilizobaki ninazo mwenyewe.

Nawe unayejifunza kazi hii ya kuvuta watu, jifunze. Sikukatazi. Piga kelele kuhusu mwenye nyumba wako, tafuta viungo, panga maneno yako upendavyo. Ila maiti wako usimfanye chambo, hata kwa siku moja, hata kwa maneno mawili. Usidhani kuna kufuta.

Na kama siku moja utakutana na ukurasa wa msichana wa Uvira aliyepotea, mwenye macho ya huzuni, jua kwamba hakupotea. Nilimzika. Usiusome kwa sauti. Usiliandike jina lake, usimwombee kwa jina, usimpelekee mwenzako. Funga, uende zako, umwache alale.