Kitwitwi Mwenye Pete

Juzi, kando ya mashamba ya mpunga ya Rujewa, nilimwona kijana akimpiga picha kitwitwi aliyevishwa pete mguuni. Akanieleza kwamba anayetoa taarifa ya pete kama hiyo huwasaidia wataalamu kujua ndege hao wanatoka wapi. Hasira yangu ya utotoni ikaamka upya.

Mchana mmoja nilipokuwa mtoto, majaruba yetu ya mpunga yalinuka tope na samadi. Baba alimkuta kitwitwi wa namna hiyo, mzima kabisa, amenasa kwenye mtego tuliowategea kwelea, ndege walao mpunga. Kwa kuiona ile pete, mimi nilidhani ni mke wa mtu. Baba aliona maandishi ya Kizungu, akampeleka bomani kwa nia njema.

“Umeiba ndege wa Mzungu!” karani alifoka, akamtia baba mahabusu.

Mama aliingia ofisini na matope yake miguuni, mimi nyuma yake. Akamfungua ndege kamba, akamrusha dirishani.

“Haya, mkamateni na yeye!”

Nilisikia mlio mwembamba wa yule ndege ukipotelea mtoni. Baba aliachiliwa jua likizama, bila hata neno la samahani, na njia nzima hakuweza kututazama usoni.