Kijiti cha Oili

Juzi nilipeleka gari langu kwa fundi, pale Mirongo, mjini Mwanza. Kijana akafungua boneti, akachomoa kile kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwa kitambaa, na harufu ikanifikia puani: nzito, ya moto, tamu kidogo. Basi mwenzangu, sikusikia tena alichokuwa akinieleza. Nilikuwa nimesharudi kijijini kwetu kando ya ziwa, mtoto wa miaka minane, nimechuchumaa mchangani namtazama mama yangu.

Mama alikuwa dereva wa trekta la kijiji. Ndiyo, mama. Enzi zile za Ujamaa, tulipopewa trekta, wanaume walibishana mno juu ya nani aende Mwanza kusomea udereva, mpaka wakamteua yeye kwa kuwa hakuna aliyemwonea wivu. Walidhani atashindwa. Alirudi na ovaroli ya bluu na spana kiunoni, na kuanzia siku hiyo hata baba alimwamkia kwa uangalifu.

Kwa kuwa trekta lilikuwa letu sote, kijiji kilikata shauri kwamba sote tujue hali yake. Kila asubuhi kabla halijawashwa, watu wa nyumba kumi walikuja kwa zamu kushuhudia vipimo. Watu walioga kwa ajili hiyo, jamani! Mama alifungua rejeta akawaonyesha maji, akafungua vifuniko vya betri, kisha akachomoa kijiti cha oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena na kukipitisha mbele ya macho yao polepole. Kilikuwa na alama mbili, na oili ilitakiwa iishie katikati yake. Balozi wa nyumba kumi alisema kwa sauti, "Tumeona." Ndipo mama alipolipanda. Mimi nilikaa mbele ya watoto wote, nimevimba kichwa, utadhani oili ile niliikamua mwenyewe.

Asubuhi ninayoisimulia, mvua za kwanza zilikuwa zimelainisha udongo, na shamba la pamba la kijiji lilikuwa halijamalizika kulimwa. Kila mtu alifika. Mama akachomoa kijiti, na oili ilikuwa imepanda kupita ile alama ya juu.

Watu wakashangilia! Kina mama wakapiga vigelegele. Sisi tulikuwa watu wa ng'ombe. Kwetu kitu kikiongezeka usiku bila kuongezwa ni baraka tupu. Balozi akasema "Tumeona!" mara mbili, na mimi nikapiga makofi mpaka viganja vikaniwasha.

Mama hakupanda. Alikisogeza kijiti karibu na jicho, akaisugua ncha yake kwa vidole.

"Leo haliwaki," akasema.

Weee! Mwenyekiti wa kijiji alipandwa na hasira. "Mama Kabula, ikipungua tatizo, ikiongezeka tatizo? Unadhani mvua itakungoja wewe?"

Mama aliweka karai chini ya injini, akalala chali mchangani, akalegeza nati ya chini kabisa. Sote tukainama. Kilichotangulia kutoka yalikuwa maji. Maji ya ziwa, yana ukijani wake, na oili ikafuata yalipokwisha. Nilihisi nywele zinanisimama. Mama yangu alikuwa ameona maji ndani ya chuma!

"Hii ni hujuma," akasema mwenyekiti.

Neno hilo hata sisi watoto tulilijua, tulilisikia redioni. Nyuma yake kulikuwa na polisi na lori, na aliyeitwa mhujumu aliondoka, na watu wakaacha kutaja jina lake. "Asitoke mtu hapa," akaongeza. "Aliyefanya haya atalala ndani leo hii."

Mzee Masanja, jirani yetu aliyekuwa mlinzi wa trekta, alikuwa ameegemea fimbo yake, na fimbo ilikuwa ikitetemeka. Nilimpenda sana mzee yule. Niliogopa wasije wakamchukua.

Mama akatoka uvunguni, mchanga mgongoni. Akamtazama Mzee Masanja kidogo tu, kisha akatugeukia sote, na kwa sauti ya kuuliza habari za ndama akasema, "Jamani, nani kalinywesha?"

"Ni mimi, binti yangu," akasema Mzee Masanja. "Jana limelima mchana kutwa, limerudi linahema moto. Nikasema, ng'ombe akitoka kulima asiponyweshwa, kesho hasimami. Pale unapotilia wewe maji paliniunguza, nikaona kitundu kingine."

"Ulilinywesha kiasi gani, mzee wangu?"

"Kibuyu kimoja. Likashiba."

Akaanza kucheka mwanamke mmoja, kisha kijiji kizima. "Mwenyekiti, utamfunga mtu kwa kulihurumia trekta?" akapaza sauti yule mwanamke, na mwenyekiti alijitahidi kukaza uso lakini mabega yakamsaliti. Lile neno lake halikutamkwa tena. Mama akamwaga oili yote, mtu akapanda lori kwenda mjini kutafuta nyingine, na shamba likalimwa tukiwa tumechelewa kidogo.

Kwa miaka mingi nilijigamba shuleni kwamba mama yangu anaona maji ndani ya chuma. Huo ndio muujiza nilioujua. Nilikuwa mtu mzima, nina watoto wangu wa kuwahoji, nilipotambua kwamba alimjua mhusika kabla hajafungua mdomo. Angeuliza nani kaharibu trekta, mzee wa watu angekaa kimya kwa hofu mpaka atajwe na wengine, na hapo nani angemwamini? Mama alimpa swali ambalo mtu mwema angeweza kulijibu.

Mzee Masanja alifariki miaka mingi baadaye, kitandani kwake, ng'ombe wake wakiwa zizini.