Nakala Zilizoacha Kumwita Fundi

Fundi wetu wa kompyuta tulimwita Bwana Nakala. Jina hilo nilimpa mimi, maana mdomo wangu hauna breki. Kazi yake ilikuwa kulinda faharasa ya maktaba, ile orodha kubwa ndani ya seva ambayo ukiiuliza neno inakuonyesha kitabu kilipo. Kila alfajiri seva ilipaswa kutoa nakala ya faharasa hiyo, ili ikifa leo tuifufue kesho.

Ilifanya hivyo kwa mbinde. Mara diski imejaa, mara nakala imetoka nusu kwa kuwa imechukuliwa faharasa ikiwa bado inaandikwa. Ikikwama, ilimtumia ujumbe kwenye simu, naye huyo, anakuja shati halijapigwa pasi, analalamika njia nzima. Mkewe alishafariki, na wanawe wako mbali, kila mmoja na shughuli zake. Siku moja simu yake ililia tukinywa chai. Akairukia, akasoma, akatabasamu.

"Seva hiyo," akasema. Nani mwingine?

Alipokaribia kustaafu, mkuu wetu akataka mambo yaende bila yeye. Mzee akakaa kitako. Akaipanga seva iache kuandika kwanza, ndipo ichukue nakala. Nakala ifunguliwe kwenye mashine nyingine na kuulizwa neno. Isipojibu, kazi ijirudie yenyewe.

"Nakala usiyoijaribu ni ahadi ya mlevi," alituambia.

Seva ikatulia tuli. Tukamuaga kwa keki na makofi, mimi nikaachiwa kazi yake.

Wiki chache baadaye akaja ofisini, kavaa vizuri, akakaa kwenye kiti cha wageni.

"Mwanangu, namba yangu bado iko kwenye seva?"

"Iko, mzee wangu. Ila tangu uondoke haijakwama. Uliitengeneza ikatengenezeka!"

Hakucheka. Nikadhani amefuata sifa, nikaanza kukereka, maana nilikuwa na kazi zangu.

"Hata ujumbe mmoja?"

"Si inatuma ikikwama tu? Wewe ndiye uliyeipanga hivyo."

Akatoa simu mfukoni, akaiangalia, akairudisha. Hapo ndipo nilipomwonea huruma, na hasira zangu zikakosa pa kwenda.

"Basi ipange upya," akasema taratibu. "Iwe inanitumia hata ikiwa nzima."