Madoa Meupe ya Betoni

Hilary aliinama penye betoni, mmea wa maua wa msituni, akakuta majani ya chini yamenyofolewa. Si kulungu waliokula. Yamekatwa kwa makasi, na yaliyoachwa ni yale yasiyo na doa tu.

Mumewe, Edgar, alikuwa kando yake anafuta makasi kwa suruali, uso unang'aa. "Nimekusafishia maua yako," alisema. "Yalikuwa na ugonjwa. Madoa meupe kila mahali."

Ungemwambia mtu yeyote kijijini kwamba Edgar Tansley kasema hivyo, angekuona mwongo. Fundi bomba yule alitumia Jumapili zake zote akitambaa kwa tumbo katika msitu huu, kwa ajili ya nondo mdogo kuliko punje ya mchele. Kiwavi wa nondo huyo hali kitu kingine duniani ila betoni. Huingia ndani ya jani, akalichimba na kuliachia doa jeupe, kisha hujikatia kipande cha jani hilohilo, akakivaa kama koti kipupwe kizima. Na betoni ilikuwa imebaki hapa tu. Kwa ajili ya kiraka hiki Edgar aligombana na halmashauri, akagombana na wapanda farasi, hata kasisi hakumwacha. Watu walimwita Bwana Viwavi, naye alilipenda jina hilo kweli.

Sasa akili ilikuwa inamtoka kidogo kidogo. Juzi juzi aliacha lango wazi, kondoo wakamwagika msituni. Prudence, kiongozi wa wajitoleaji wanaotunza msitu, akamvuta Hilary pembeni na kumwambia, kwa upole unaouma kuliko matusi, kwamba Edgar akiharibu tena itabidi abaki nyumbani. Abaki nyumbani afanye nini? Msitu ndio uliokuwa unamshikilia asidondoke.

"Majani umeyaweka wapi, mpenzi?" Hilary aliuliza.

"Kwenye gunia. Nimempa Prudence. Ugonjwa si unachomwa?"

Chini ya mteremko moshi ulishaanza kupanda. Nyonga ya Hilary ilikuwa mbovu, lakini siku hiyo nyonga ilijijua yenyewe. Alishuka akiteleza kwenye tope, akikamata matawi, akimwomba Mungu ambaye hakuwa amezungumza naye tangu Krismasi. Alipofika, Prudence alikuwa amelifungua gunia na ameliinamisha mbele ya moto.

"Nipe hilo."

"Takataka tu hizi, Hilary. Una nini?"

Akisema kweli, Edgar kwisha. "Miwani yangu imeangukia humo," alisema.

Prudence aliitazama miwani iliyokuwa puani kwa Hilary. Kisha akafunga mdomo wa gunia, akamkabidhi.

Hilary alirudi juu akihema, akapiga magoti, akamwaga majani. Viwavi walikuwa hai, kila mmoja ndani ya koti lake la hudhurungi, wanaanza kuchungulia. Akawa anapachika majani yale katikati ya majani mabichi, jani kwa jani, ili wahame wenyewe. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi. Prudence alikuwa amemfuata na chupa ya chai, akasimama nyuma yao.

Edgar aliokota jani moja, akaliinua kwenye mwanga. Akalitazama, uso ukabadilika.

"Nani kayakata haya?"

Prudence alimwangalia Hilary.

"Mimi," Hilary alisema.

"Wewe?" Edgar aliwaka. "Miaka yote tunalala kitanda kimoja, wewe mwanamke, hujui kiwavi wa betoni? Kazi yote hii, unakuja na makasi yako! Huna macho?"

Makasi yalikuwa mfukoni mwake mwenyewe, vishikio vimetokeza. Prudence akageuka, akajifanya anahangaika na kifuniko cha chupa.

Mwaka mzima Edgar hakuwa amemgombeza mkewe hivyo. Hilary alilia kwa furaha, wala hakujificha.

"Basi nifundishe," alisema. "Anaishije?"

Edgar akapiga magoti topeni kando yake, akamweleza kiwavi yule tangu yai hadi nondo, na hakusahau kitu.