Miaka Mitatu ya Udhuru wa Uongo

Bi Zuwena kanileta hapa kwake Sib, kaniweka mbele yenu, kaniambia, "Sema tu kama unavyosema jikoni kwangu." Basi ntasema hivyo hivyo. Wenye mabinti msiwatoe nje. Nao wasikie. Mimi hakuna aliyeniambia kitu, hata mama yangu mzazi, na nnaamini na yeye yalimpata.

Mimi naitwa Kulsum. Mhindi, Mkachi, mzaliwa wa Unguja, nimeolewa hapa Maskati na Mkachi mwenzangu. Mume wangu ana duka la spea za magari Wadi Kabir. Namwita Baba Nasrin, kwa jina la binti yetu mkubwa. Mabinti tunao wawili, mtoto wa kiume Mungu hakutujaalia. Siku hizo tukikaa fleti Al Khuwair, sisi na mama mkwe wangu, ambaye nyumba nzima tulimwita Ma.

Nilikuwa mwanamke wa nguvu, na mdomo vilevile. Sambusa za Ramadhani za jengo zima nikikunja mimi, huku nasema. Siku zangu zikija kwa wakati, siku sita, zinakwisha. Na nyumbani kwetu Magharibi tukisali pamoja ukumbini, kwa hivyo mwanamke akiwa na udhuru kila mtu anajua. Ma akitandika miswala anasema tu, "Kulsum hasali," anatoa mmoja. Hapana anayeuliza zaidi.

Basi, mwanzoni mwa miaka ya tisini, ndugu yake Baba Nasrin akaoa mke wa pili. Alikwenda kumchukua huko huko Kachi, Bara Hindi, msichana mbichi. Mkewe wa kwanza alikuwa rika langu. Ma akasema mbele yetu sote, anakunywa chai yake, "Mke keshakatika damu, mwanamme afanye nini? Na mtoto wa kiume bado hajapata." Mume wangu akacheka. Mimi nilikuwa na sahani ya chapati mkononi, nikairudisha jikoni, nikasimama huko mpaka zikapoa.

Mwaka ule ule yakanianza. Nilikuwa na miaka arubaini na nne. Joto linaanzia hapa kifuani, linapanda shingoni, linafika usoni, jasho linanitoka mpaka nguo ya ndani inarowa, na kiyoyozi kinawaka. Moyo unanidunda, nimekaa tu. Nikasahau majina ya watu. Nikawa nalia kwa sababu kitunguu kimeungua. Na huko ndani nikakauka, nyinyi watu wazima mnajua nasema nini. Mume wangu akinikaribia nauma meno, namwambia hapana kitu, endelea. Siku zangu zikaruka mwezi, kisha miezi miwili. Kisha zikakatika.

Nilijua. Mwanamke hujua. Na cha kwanza nilichokiona machoni mwangu ni msichana kama yule wa Kachi, anavua viatu mlangoni kwangu.

Ndipo nikaanza ujinga wangu. Kila mwezi nikachagua siku sita nikasema sisali. Ma anatandika miswala, nakaa kwenye kochi na tasbihi, moyo unaniuma. Alfajiri namsikia Baba Nasrin anatawadha, najifanya nimelala; akishuka kwenda msikitini nainuka mbio nasali kabla hajarudi. Sala nyengine zote nazisali stoo, baina ya gunia la mchele na ndoo za samli, mlango nimeutia komeo, sauti siitoi. Watu huiba mali. Mimi nikiiba sala, tena ya kwangu mwenyewe. Pedi nikinunua vilevile kila mwezi, nikizikunja kavu ndani ya gazeti nikizitupa.

Ramadhani ndiyo ilikuwa kazi. Nikifunga siku zote, wallahi hakuna hata moja niliyokula. Lakini zile siku sita naacha kikombe kwenye sinki, nimetia chai nikaimwaga, na chembe za biskuti pembeni, Ma avione. Baada ya Idi nafunga tena siku sita, nalipa deni nisilodaiwa. Ma akinisifu kwa wageni, "Mkwe wangu halimbikizi kadhaa, funga zake hulipa mapema." Mnacheka. Na mimi hapa nnacheka, lakini wakati ule nilikuwa naogopa hata simu ya kutoka Kachi.

Nilikwenda hivyo miaka mitatu.

Mwaka wa tatu unakwisha, asubuhi moja, nikaona tone kwenye nguo. La kahawia, dogo. Nilifurahi. Astaghfirullah, nilifurahi. Nilidhani Mungu kanisitiri, uongo wangu kaufanya kweli. Nikapika tambi za sukari kwa nazi na hiliki, Ma akaniuliza kuna nini, nikamwambia nimezitamani tu. Akala sahani mbili.

Tone likaja tena, likawa matone. Halafu ikawa damu khasa, siku kumi, siku kumi na tano, mabonge kama maini, na baina yake maji yenye harufu nisiyoweza kuieleza. Nikawa nabadilisha kanga mara tatu kwa siku, nazifua mwenyewe mtu asione. Rangi ikanitoka. Ngazi za fleti yetu nazipanda napumzika kila ghorofa. Sasa hata mimi sijui lini nisali lini nisisali, na wa kumuuliza sina, maana nikiuliza itabidi niseme yote.

Mume wangu akaona. Si mtu mbaya, nataka mlijue hilo. Akanichukua kliniki moja ya mtaani, daktari mwanamme, Mhindi, wakazungumza Kihindi wao wawili. Daktari akauliza siku zake zikoje. Kabla sijafungua mdomo Baba Nasrin akajibu, tena kwa fahari, "Kila mwezi, daktari. Hakosi."

Daktari akanitazama. "Kweli, mama?"

Mume wangu yuko kiti cha pembeni, goti lake linagusa langu. Nikasema, "Kweli."

"Basi ndiyo zinaanza kuvurugika. Umri wako huu ni kawaida," daktari akasema. Akanipa vidonge vya kuzuia damu na vya kuongeza damu. Angejua kuwa nimekatika zamani asingenirudisha nyumbani siku ile. Sina ninachomlaumu. Alitibu maneno aliyopewa.

Nikameza vile vidonge miezi minne. Inapungua, inarudi. Nikikaa peke yangu nasema leo ntamwambia. Nayapanga maneno yote. Akiingia na uchovu wake, mikono inanuka oili, namuuliza tu chakula nikutilie? Nilikuwa nikijiona navyokwenda, na sina pa kujishika.

Siku ya siku nilikuwa nachuja mchele. Nilihisi kitu cha moto kinashuka miguuni, nikatazama chini, sakafu nyekundu. Miguu ikanikataa, nikakaa pale pale. Ma alikuwa msalani, Baba Nasrin dukani. Bi Zuwena wakati huo alikuwa jirani yangu wa mlango wa pili, akaja kuazima ungo, akanikuta. Hakupiga kelele. Alinivika buibui, akanifunga taulo kiunoni, akanishusha mpaka gari lake, njiani akinambia, "Sema na mimi Kulsum, usilale. Nitukane ukitaka."

Hospitali wakanitia damu chupa mbili. Akaja daktari wa kike, Mmanga, lakini Kiswahili chake cha bara, wazee wake walikaa Tabora. Baba Nasrin keshafika, kasimama miguuni kwangu na karatasi mkononi. Yule daktari akaniuliza, "Mama, kabla ya damu hii kukuanza, siku zako za mwisho uliziona lini?"

Mume wangu akajibu, "Huona kila mwezi, daktari."

"Ami, nimemuuliza yeye."

Nilitaka kumwambia Baba Nasrin atoke nje. Nilitaka Bi Zuwena aseme, lakini na yeye alikuwa hajui, hapana aliyekuwa akijua duniani ila mimi na Mola wangu. Nikafumba macho nikasema, "Nilikatika. Miaka mitatu sikuona kitu. Kisha ndiyo ikaja hii, sasa inakwenda mwaka."

Daktari akaacha kuandika. "Miaka mitatu? Una hakika?"

"Nna hakika."

Sikuyafungua macho. Nilisikia ile karatasi ya mume wangu inakunjwa, nikasikia viatu vyake vinakwenda mlangoni.

Wakanikwangua ukuta wa kizazi, wakapeleka kupimwa. Tukangoja majibu. Kungoja kule sitaki kukuelezeni, nilikuwa mtu wa kugeuzwa na kulishwa. Ma alikuja kila siku na kichri laini, mchele na choroko, kwenye kibakuli. Akinichana nywele, akinipaka mafuta ya nazi, maana mikono siwezi kuinyanyua. Siku moja akasema yuko nyuma yangu, "Ungeniambia, Kulsum."

"Ningekwambia wewe, Ma, ndiye ungekwenda kumtafutia mke."

Chanuo likasimama. Kisha akaendelea kunichana, polepole, mpaka mwisho. Hakukataa.

Majibu yakaja. Saratani, kwenye ukuta wa kizazi. Daktari akakaa kitandani kwangu, akasema, "Bado imo ndani, haijatoka nje. Tutakitoa kizazi chote na mayai yake. Mama, ungekaa mwaka mwengine, ningekuwa nakupa khabari nyengine." Wakanipasua. Nilipozinduka nilikuwa na mpira wa mkojo, na kidonda kutoka hapa mpaka hapa, na kiu. Kisha wakanichoma miale wiki kadhaa, tumbo linaniharisha, ngozi inanibabuka, siwezi kukaa ila kwa ubavu. Kila nikidhani nimefika mwisho, kuna mwengine mbele yake.

Baba Nasrin alitia sahihi karatasi zote. Akinipeleka, akinirudisha, akinishika ngazini. Hakusema neno juu ya lile jambo, miezi. Mpaka siku moja tuko garini, tunatoka hospitali, taa nyekundu imetusimamisha pale karibu na mawizara, akasema anatazama mbele, "Ulidhani ntakufanya nini?"

Nikamwambia, "Nilidhani utaoa."

Nilingoja aseme hapana. Nilikuwa nalitaka lile neno kuliko dawa. Taa ikawa kijani, wa nyuma wakatupigia honi. Akatia gia.

"Sijui ningefanyaje," akasema. "Sikwambii uongo, Kulsum. Sijui."

Nililia mpaka nyumbani, na yeye akaniacha nilie.

Sasa imepita zaidi ya miaka kumi. Kila mwaka napimwa na kila mwaka naambiwa niko safi, alhamdulillahi. Mifupa inaniuma, joto linanijia mpaka leo, usingizi wangu mwepesi. Mume wangu hakuoa. Huenda ni mapenzi, huenda ni haya za watu, huenda na yeye alichoka. Sijamuuliza tena na sitamuuliza. Namshukuru Mungu, kisha Bi Zuwena na ungo wake, kisha yule binti wa Tabora aliyesema, "Nimemuuliza yeye." Nampenda Baba Nasrin, na nnaishi na ile "sijui" yake, kwa sababu hapana nyengine ya kuishi nayo.

Mabinti zangu nimewaeleza kila kitu. Na nyinyi nakwambieni. Sisi Wahindi wengi wetu tunakatika mapema, na tunanyamaza mapema zaidi. Joto likikuanza, usidhani umerogwa wala una wazimu. Mwambie mwenzako aliyekwisha pita. Damu ikikatika, iandike tarehe mahali. Mwaka ukipita kisha ukaona tone, liwe dogo vipi, liwe la rangi gani, nenda hospitali, usingoje la pili, na tarehe itaje wewe kwa mdomo wako, hata akiwa mumeo kasimama hapo na wewe unatetemeka. Mimi nilitetemeka, nikaitaja, ndiyo mnaniona.

Mwanamme akitaka kuoa ataoa, damu iwepo isiwepo. Mimi sikuwa na la kumzuia, wala leo sina. Miaka mitatu nilikaa mlangoni nikimlinda mke wa pili asiingie, na wa kwanza alikuwa anakufa ndani, sikumwangalia.